Bi Sihaba binti Mwinyijuma na Ukuta Wake wa Mawe

Marehemu hakupenda watu wa kuzungusha maneno, basi hatutazungusha. Bi Sihaba binti Mwinyijuma alizaliwa Bagamoyo mjini tarehe 9 Machi 1924, katika nyumba ya mawe ya baba yake, yenye kuta za unene wa dhiraa nzima.

Alihitimu Kurani kwa Mwalimu Dadi. Kuandika alijifunza ukubwani, mwaka 1971, katika kisomo cha watu wazima.

Kazi yake ilikuwa kuoka mikate ya mofa, na tanuri ndilo lililomfundisha habari za kuta. Udongo mnene, alisema, hunywa moto polepole na kuutoa polepole. Kwa hiyo mchana alifunga madirisha, ukuta ukanywa joto kabla halijafika chumbani; usiku aliyafungua yote, upepo ukaupoza. Majirani walimwona ana wazimu, hadi walipoanza kuja kwake adhuhuri kuomba pa kujinyoosha.

Aliolewa na Bwana Seleman Kitwana mwaka 1943. Mwaka 1968 mumewe alimjengea nyumba Mapinga, ya matofali membamba ya saruji na bati linalong'aa. Alishukuru, akaonja joto la kaskazi moja, kisha akapakia godoro lake kwenye basi kurudi nyumba ya mawe Bagamoyo. "Mume wangu nakupenda, ila sitaki kuokwa," alimwambia. Bwana Seleman alinuna weee, mwisho akamfuata na mto wake kwapani.

Mwaka 1973 mdogo wake na mrithi mwenziwe, Bwana Alawi, alikuja na mafundi wakautia ukuta alama ya chaki, ubomolewe, ijengwe nyumba ya kisasa.

"Dada, wenzetu wote wanajenga kwa saruji. Unataka tuchekwe?"

"Na wacheke! Jasho likiwatoka watakuja kuchekea humu humu ndani."

Akaifuta chaki kwa kanga, akachukua mkaa, akaandika pale pale kwa herufi kubwa: SITAKI.

Mwaka jana alianza kuugua moyo. Joto lilipokaza tulitaka kumpeleka Dar es Salaam, kwenye feni. Alikataa katakata, akaomba kitanda kisogezwe ukutani. Alifariki alasiri ya Jumanne, tarehe 15 Februari 1977, kiganja chake kikiwa kwenye mawe, usoni hana hata tone la jasho. Tumeumia sana.

Ameacha mume, watoto watatu, Mwanaasha, Mwishehe na Tatu, wajukuu saba, na mdogo wake Bwana Alawi, ambaye yupo hapa na anatusikia. Lile neno la mkaa bado lipo ukutani. Wanawe tumelisoma, na jibu letu ni hilo hilo.

Mola alipe kaburi lake ubaridi, apumzike. Ukuta tunaulinda sisi.