Mama Kadi na Foleni ya Kina Bibi

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Mama Kadi atainuka kwenye meza ya kufungua akaunti na hatarudi kuikalia. Idara ya utumishi imetuomba wasifu mfupi, wenye furaha, usiogusa "mambo ya zamani yaliyokwisha". Tumejitahidi. Ufupi na furaha tumeviweza.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Kadi zilipoingia kwenye benki yetu, meza ya kufungua akaunti na kuzieleza kadi hizo kwa wateja iliwekwa karibu na mlango wa choo, na wakubwa wote wakagundua ghafla kwamba wana kazi nyingi. Akapelekwa yeye, kwa muda tu, mpaka apatikane mtu mwenye sifa. Mtu huyo bado anatafutwa.

Hapo ndipo alipokutana na seremala aliyetoboa kadi yake ili aitundike pamoja na funguo, na tundu likapita katikati ya ile chipu ya dhahabu. "Si ndipo palipowekewa alama?" alijitetea. Akakutana na mwalimu aliyeandika namba ya siri mgongoni mwa kadi, kwa hati nzuri, na kuipigia mstari. Mama Kadi hakumcheka mteja yeyote mbele yake. Alisubiri saa ya chai. Na nyumbani kwake mambo hayakuwa tofauti sana: mumewe, dereva mstaafu, hadi leo hataki kusikia habari za kadi. Hupanga foleni dirishani na kitambulisho chake, kisha humpungia mkewe mkono kwa mbali. Mganga hajigangi.

Makao makuu yalituletea kijitabu cha rangi kuhusu aina za kadi. Tulikisoma wote, tukaelewa picha. Yeye alikuwa na maelezo yake. "Hii ya kwanza inakula chako kilichomo kwenye akaunti, kikiisha, inakataa. Hii ya pili, ya mkopo, inakula cha benki, halafu benki inakuja kula chako na cha juu yake. Hii ya tatu unaijaza kwanza, inakula ulichojaza, basi. Sasa wewe unataka kumlisha nani?"

Wengi walichagua ya kwanza. Jambo hilo lilimsikitisha mkuu wa tawi wa wakati ule, aliyekuwa amepewa lengo la kadi za mkopo. Akamshauri apunguze maelezo. Mama Kadi alitii: akaacha kukohoa kabla ya kuanza.

Lakini hatuwezi kuandika habari zake bila kumtaja mkunga.

Huyu alikuwa mkunga mstaafu wa zahanati ya jirani. Alikuja kufungua akaunti ya pensheni akiongozana na mwanawe wa kwanza, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi na mmoja wa wateja ambao mkuu wa tawi huwafungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Mwana alijibu maswali yote, pamoja na yale ya kuzaliwa kwa mama yake. Kadi ilipotoka, akaitia kwenye pochi yake. Mama Kadi akauliza kama mwenye akaunti hatapenda kuishika japo aione. "Mama hana haja ya kusumbuka," mwana akasema, na mama akatabasamu kama mtu aliyeombwa atabasamu.

Ikapita miaka miwili. Asubuhi moja mkunga akaja peke yake, kwa miguu, akipapasa ukingo wa meza kwa sababu ya mtoto wa jicho. Alitaka kujua pensheni yake itaacha lini kuchelewa, maana kliniki ya macho ilikuwa ikimngoja. Mama Kadi akatazama kwenye kompyuta. Pensheni haikuwa imechelewa hata mwezi mmoja. Ilikuwa ikifika, na ikifika ilikuwa ikitolewa siku hiyo hiyo.

"Si umwombe kijana akupe kadi?"

"Nimemwomba, mwanangu. Anasema macho haya yataipoteza, na kadi ikipotea, pesa zote zimepotea nayo."

"Mama, kadi ni ufunguo. Ufunguo ukipotea, nyumba haihami. Tunabadilisha kitasa, maisha yanaendelea."

Mkunga akauliza taratibu, "Kumbe nyumbani kwangu miaka yote hii anaishi nani?"

Mama Kadi alimweleza tu kwamba kadi ya zamani inaweza kufungwa pale pale, na mpya ikatoka kwa jina lake, na namba ya siri ataichagua yeye. Mkunga akashika kalamu, akaiweka chini. "Atasema nimemfanya mwizi. Mwanangu mwenyewe, niliyemzaa." Akaondoka bila kutia sahihi. Mama Kadi siku hiyo hakunywa chai, na sisi tunaomjua tulijua maana yake.

Kesho yake, kabla mlinzi hajamaliza kufungua mlango, mkunga alikuwa nje amevaa nguo zake za kutokea, na amepaka poda. Akatia sahihi. Ilipofika zamu ya namba ya siri, aliomba watu wote wageuke, Mama Kadi naye, na mlinzi pia. Waligeuka. Tawi zima lilitazama ukuta kwa heshima kubwa huku bibi mmoja akitafuta vitufe kwa ncha ya kidole.

Jumamosi hiyo kadi ya zamani ilimezwa na mashine ya kituo cha mafuta, mbele ya foleni ya watu wanaomfahamu vizuri mwenye duka. Jumatatu alikuwa kwetu.

"Nani amefunga kadi yangu?"

"Kadi yako iko salama," Mama Kadi akamjibu. "Iliyofungwa ni ya mama yako, na amefunga mwenyewe."

"Unajua mimi ni nani hapa?"

"Najua. Wewe ni mtoto wa yule mkunga."

Watu kwenye benchi walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Mama Kadi. Mkuu wa tawi alimwita ofisini, akafunga mlango, akamtaka aombe radhi kabla mteja hajahamisha akaunti ya duka. Mama Kadi akasema ataomba radhi kwa furaha, mradi mteja aje na mwenye kadi. Mteja akahamisha akaunti. Wiki iliyofuata ukatoka waraka kuhusu "kuboresha mpangilio wa huduma", na uboreshaji wenyewe ulikuwa kumhamishia Mama Kadi kwenye stoo ya mafaili ya zamani, chumba kisicho na dirisha. Meza yake akapewa mfanyakazi mpya, mpole, aliyekihifadhi kijitabu cha rangi kichwani neno kwa neno.

Tulimpelekea chai kule stoo. Siku moja tulimkuta analia. Akatuambia ni vumbi, nasi tukakubali ni vumbi, tukakohoa kumuunga mkono. Alituambia jambo moja tu: kwamba kazi haimuumi, kinachomuuma ni kutojua kama yule mama amepona macho au amegombezwa akairudisha kadi.

Mkunga hakuirudisha. Aligombana na mwanawe wiki nzima bila kusemeshana, akaenda kliniki, akalipa kwa kadi yake mwenyewe, akatolewa bandeji, na jambo la kwanza aliloliona vizuri ni kwamba wenzake katika chama cha wastaafu nao hawana kadi zao. Moja ilikuwa kwa mkwe, nyingine kwa mpwa, nyingine kwa mjukuu wa kaka. Mtu aliyezalisha nusu ya mtaa hakosi wasikilizaji.

Wakaanza kuja. Kwanza watatu, kisha benchi likajaa, kisha mlinzi akatoa viti vya ofisi. Mfanyakazi mpya aliwakaribisha kwa ukurasa wa kwanza wa kijitabu. Walimsikiliza kwa upole, wakamshukuru, wakasema wanamsubiri yule wa kadi. Akawaambia amehamishwa. Wakasema hawana haraka, wamestaafu.

Kufikia saa nne foleni ilikuwa imeziba mlango ambao wateja wakubwa hufunguliwa kwa mkono. Mkuu wa tawi mwenyewe akateremka stoo. Hatujui alichosema huko, ila alirudi amembebea kiti.

Robo ya mwaka ilipoisha, makao makuu yakatangaza kwamba tawi letu limeongoza katika utoaji wa kadi. Hakuna aliyeuliza kwa nini wateja wetu wapya wa teknolojia walikuwa na wastani wa umri wa miaka sabini. Mkuu wa tawi alipokea kombe, akashukuru "mkakati madhubuti wa uongozi", akapandishwa cheo. Kombe liko kabatini hadi leo. Mama Kadi alipewa fulana ya kampeni, saizi ya mtoto.

Na mwenye duka? Alirudi mwaka uliofuata, akimsindikiza mama yake. Safari hii alikaa benchi la kusubiri, amemshikia mkoba, akanyamaza mpaka mkunga alipomaliza shughuli zake. Kisha mwana akajivuta hadi mezani, akainama, akanong'ona: watoto wake wameijua namba yake ya siri, je, kuna utaratibu? Mama Kadi akamwambia upo. Akageuka kutazama ukuta.

Mama Kadi, tumekaa nawe, tumejifunza kwako, na tumekula vitumbua vyako zaidi ya ilivyo halali. Asante kwa kila mteja aliyeondoka hapa akijua alichobeba mkononi. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana usio na kengele, na mume asiye na haraka. Ukija kututembelea, kaa kwenye kiti cha wateja, upumzike. Usizunguke meza kutusahihisha. Ukizunguka lakini, tutasogea.