Mistari Iliyong'olewa Kabla ya Ugeni

Mheshimiwa mgeni rasmi, Ndugu Mkurugenzi wa kituo, wakuu wa idara, wenzangu wa maabara na wa shambani, wageni waalikwa, nanyi wanangu mlioomba ruhusa kazini ili mnisindikize kustaafu: nawasalimu kwa heshima zote.

Mmenisifu mno. Mkurugenzi amesema nimeyapa mahindi kinga. Nashukuru, ila kinga yenyewe tuliiazima kwa bakteria wa udongoni. Tulichukua jeni yake, tukaitia kwenye mhindi, nao ukaanza kutengeneza protini inayotoboa utumbo wa kiwavi. Mtu hadhuriki, kwa sababu tumbo lake si kama la kiwavi. Nani hakushangilia siku ile? Hata dereva wetu, aliyezoea kutuita wachungaji wa funza, alipiga makofi.

Lakini penye viwavi wengi hawakosekani wachache sugu, wasiouawa na protini hiyo. Wakibaki peke yao wataoana wao kwa wao, na uzao wao utautafuna mhindi wetu kama mboga. Ndiyo maana pembeni tulipanda mistari ya mahindi ya kawaida, ili viwavi dhaifu washibe, wawe nondo, wakaoane na wale sugu, wazae watoto ambao mhindi wetu unawaweza. Ndugu zangu, tulikuwa washenga wa wadudu!

Mistari hiyo ilikuwa mibaya, sikatai. Majani yalikuwa matundu matupu. Kulipokuwa na ugeni mkubwa, Ndugu Mkurugenzi alisimama mlangoni pa maabara yangu.

"Mama, mbona unatuaibisha? Wageni waje kupiga picha matundu?"

"Haya matundu ndiyo yanayolinda shamba lote."

"Ya kitaalamu tutaongea baadaye, mama yangu."

Kulipokucha mistari ilikuwa imeng'olewa, pamepandwa maua. Picha zilipendeza, haki ya Mungu! Mistari haikurudishwa tena. Mbegu nazo zikaenda kwa wakulima bila ule mfuko mdogo wa mbegu za kawaida tuliokuwa tukiutia kwenye kila gunia ili mkulima naye apande mistari yake, kwa maana eti nani atalima chakula cha wadudu? Nilisema kila kikao, nikaambiwa uzee unanitia hofu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Leo viwavi wanakula mhindi ule na wananenepa. Nimewalisha mwenyewe maabarani, nimewaona, na nimelia.

Dada yangu, aliyenilea mama alipofariki, alipanda mbegu hizi shamba zima. Majirani walipomtahadharisha alijibu, "Mdogo wangu hawezi kunidanganya." Juzi alimenya hindi mbele yangu, kiwavi akatoka mzima wa afya. Akaniuliza taratibu, "Si ulisema wakila wanakufa?" Mlitaka nimjibu nini? Kwamba shamba lilitoka vizuri kwenye picha?

Mheshimiwa, mwakani mnazindua mbegu ya pili, yenye jeni nyingine. Hiyo saa ya ukutani mliyoniandalia mpeni mwingine. Mimi nipeni amri moja tu: mistari irudi hapa kituoni, na mfuko mdogo urudi ndani ya kila gunia. Mkikataa, mbegu hiyo nayo itakufa, na safari hii hamtakuwa na mzee wa kumsingizia hofu.

Kiti kilicho wazi pale mbele ni cha dada yangu. Ameomba radhi, hana nafasi. Yuko shambani anaokota viwavi kwa mkono. Asanteni kwa kunivumilia hadi mwisho. Chakula mtakula bila mimi, nakwenda kumsaidia.