Mji Ulioanza na Kaburi

Basi la mtaa wa Flagey, huku ughaibuni, lilijaa, kwa hiyo nilisikia yote. Bwana wa Bujumbura alimwambia maman Mkongo aliyekaa naye kwamba mama yake mwenyewe amefariki hapa jana, na atamsafirisha akazikwe nyumbani.

"Pole, papa. Muzee wa Amerika ninayetunza kazini, mababu zake walitoka Irlande kwenda Amerika. Kila mutu alisema tutarudia kwetu. Bon, maman moja akakufa, wakamuzika pale. Nani angemuacha peke yake? Wakajenga kanisa, kisha manyumba. Muji ukaanza hivyo."

"Hao ni wao, maman."

"Na watoto yako wako wapi?"

"Hapa." Nikajifanya natazama simu.

Basi liliposimama Flagey, yule bwana aliuliza polepole: "Hilo kaburi, nani analifagia?"

"Wajukuu, papa," maman alijibu, na milango ikafunguka.