Baiskeli Mbele ya Lori

Ndani ya lori, Shamis alikuwa amempakata mwanawe mwenye homa, akiwasikiliza wanaume wawili wakigombana. Mwendesha baiskeli alikuwa amekataa kuwapisha njia nzima, hadi dereva Guleid akampakia lorini kwa hasira, yeye na baiskeli yake.

“Walaal, ndugu yangu, barabara ni yako? Msafara wa askari wa kutulinda umetuacha!”

“Nikupishe niende wapi, nje ya njia kwenye mabomu yaliyotegwa? Wewe una injini, mimi nina magoti.”

“Na mtoto huyu akikuta zahanati imefungwa?”

“Atafungua nani? Dresa mpya wa kutibu hapo ni mimi, ufunguo huu hapa.”

Alhamdulillahi! Wangempita, wangekuta kufuli. Shamis akamsogezea nafasi.

Lori liliposimama zahanatini, Guleid aliishusha baiskeli mwenyewe, taratibu kama yai. “Lakini honi nilipiga!”

“Niliisikia,” alijibu dresa, akimpokea mtoto.