Marlys Prochnow na Sufuria Namba Tisa

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi saba ya kazi, Marlys Prochnow atavua aproni yake ya ngozi kwa mara ya mwisho Ijumaa tarehe 30 Mei, saa tisa alasiri. Amesisitiza iwe saa tisa kamili. Saa kumi anataka awe ameshaketi mgahawani mbele ya samaki wa kukaanga wa Ijumaa, kabla foleni haijafika mlangoni, na hotuba zetu zisimcheleweshe.

Marlys alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, maili nane nje ya mji wa Stevens Point. Alijifunza kuchomelea chuma cha pua akiziba matangi ya baba yake, kwa sababu fundi wa kuitwa alikuwa anachukua siku mbili kufika na maziwa hayasubiri. Alipoajiriwa hapa kwenye kampuni ya Literski, Oktoba 1990, sisi pia tulikuwa tunatengeneza matangi ya maziwa. Mashamba yalipoanza kufungwa, moja baada ya jingine, ni yeye aliyemwambia mzee Literski, mwenye kampuni wakati huo, kwamba wanaume wa mji huu wanapika bia kwenye gereji zao kwa sufuria za kuchemshia mahindi, na kwamba kwa mji wenye mafundi hiyo ni aibu. Mwaka uliofuata tukatoa sufuria yetu ya kwanza ya bia. Ilikuwa nzito kama jeneza. Wengine bado wanaitumia.

Jambo ambalo wageni hawaliamini ni kwamba Marlys hapendi bia. Kwa miaka yote hii hajawahi kumaliza glasi moja. Huonja vijiko viwili, halafu hutoa hukumu, na hukumu yake kwa kawaida ni neno moja: "Bado." Kisha hujimiminia maziwa.

Wanaomtembelea nyumbani wanajua pia kuhusu vipimajoto vitatu vya jikoni kwake, ambavyo havijawahi kukubaliana. Mwenyewe huviita kamati. Hatupi hata kimoja. Anasema kipimajoto kikiwa peke yake kinaanza kujiona.

Na kila aliyepita karakana ya nyuma anaijua sheria yake ya Ijumaa: bia iliyoharibika haimwagwi. Huletwa mezani saa ya chakula cha mchana pamoja na soseji na vipande vya jibini, na aliyeipika ndiye anayeinywa, wenzake wakimtazama. Gordy Literski, bosi wetu, amewahi kunywa bia yenye ladha ya mpira wa bomba kwa wiki tatu mfululizo. Hakuna aliyemhurumia.

Februari mwaka huu Gordy alituita sote sita nyuma, akakalia kreti.

"Sikilizeni, jamani. Sufuria namba tisa tutaionyesha kwa watu wa klabu ya wapika bia tarehe 3 Mei. Ikifaulu, tunaendelea kutengeneza. Ikishindwa, basi, karakana hii inakuwa stoo. Tutauza sufuria za kampuni nyingine."

"Stoo ya nini?" Marlys akauliza.

"Ya maboksi, Marlys."

"Miaka thelathini na minne, halafu maboksi! Ahsante sana, Gordy. Ningejua ningestaafu Krismasi."

Haki ya kusema hivyo alikuwa nayo. Krismasi keki ya kumuaga ilikuwa imeshaagizwa, akairudisha, kwa sababu namba tisa ilikuwa haijakaa sawa. Tangu siku ile ya kreti sote tulijua kinachomweka: hakutaka kuondoka na kuacha nyuma yake chumba cha maboksi.

Namba tisa ni sufuria yetu ya umeme. Chini kuna koili ya kupashia joto, juu yake kikapu cha matundu chenye kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, na pampu inayovuta maji matamu kutoka chini na kuyarudisha juu. Uji ule wa kimea na maji lazima ukae kwenye digrii 152 za Farenhaiti kwa saa nzima. Ukipoa, bia inatoka nyepesi kama maji yaliyosuuzia glasi. Ukizidi, inakuwa nzito na ya kuchosha. Koili ikiwa kali mno, sukari inaigandia na kuungua, na hapo hakuna dawa.

Kazi ya kudhibiti joto nilipewa mimi. Nilikuwa na miezi mitano hapa na shahada ya uhandisi. Nilifunga kipimio cha joto kwenye ukuta wa sufuria, upana wa kidole kutoka kwenye koili, ili kijue mapema joto linapopanda. Kisha nikakizoeza kidhibiti, kifaa kinachoiongoza koili, kwa maji safi, mara arobaini, mpaka mstari kwenye skrini ukanyooka kama uzi. Nikauchapisha. Nikaubandika ukutani juu ya benchi la Marlys.

Marlys aliutazama jinsi mtu anavyotazama picha ya mjukuu wa jirani.

"Mzuri," akasema. "Sasa weka kimea."

Tukaweka kimea. Mstari haukutikisika. Marlys akatoa mfukoni kipimajoto cha maziwa cha marehemu baba yake, kile kirefu chenye shingo ya shaba, akakichomeka katikati ya kikapu. Digrii 144. Akakichomeka juu: 146. Kando ya ukuta: 150.

"Lakini skrini inasema mia hamsini na mbili," nikamwambia.

"Kipimio chako kinaota moto peke yake, msomi. Kimejikunyata pale jikoni, kinawatangazia watu kwamba nyumba nzima ina joto."

Karakana nzima ilicheka. Mimi nilikasirika, na naandika hili kwa sababu yeye hataliandika: kwa siku nane niliutetea mchoro wangu. Nilisema kimea kimesagwa vibaya. Nilisema kipimajoto cha baba yake ni cha zamani. Marlys hakubishana nami hata mara moja. Aliniacha nipike pipa zima kwa njia yangu, na Ijumaa akaniwekea glasi mezani.

"Haya, binti. Kunywa," Gordy akasema. "Jibini hiyo hapo, iteremshie."

Ilikuwa nyepesi, kavu, na kwa mbali ilinukia mkate ulioungua. Niliimaliza. Marlys alionja vijiko vyake viwili.

"Bado," akasema. Jumatatu asubuhi mchoro wangu haukuwepo ukutani. Niliutoa mwenyewe.

Kilichofuata ni wiki sita za mambo ambayo sikufundishwa chuoni. Alianza na koili. Alituambia mama yake hakuwahi kuunguza maziwa, kwa sababu aliyapasha kwa moto mpana na mpole. Basi tukaagiza koili ya nguvu ileile lakini ndefu mara tatu, iliyokunjwakunjwa, ili kila inchi yake iwe na ukali kidogo. Jioni ya jaribio la kwanza niliipitishia kidole. Haikuwa na hata chembe ya sukari iliyoungua.

Halafu njia ya maji. Pampu ilikuwa inayarudisha juu mahali pamoja tu, nayo yakateremka kando ya ukuta bila kugusa kimea cha katikati. Marlys akakunja bomba likawa duara, akalitoboa matundu thelathini na sita kwa mkono, maji yakaanza kunyesha taratibu juu ya kikapu kizima. Ukuta wa nje wa sufuria tukauvika godoro jembamba la kambini, lililokuwa la Gordy. Analidai mpaka leo.

Mwisho, kipimio changu. Tulikihamisha kutoka kwenye koili tukakiweka kwenye mdomo wa bomba, pale maji yanaporudi juu yakiwa yamechanganyika. Na kidhibiti tukakizoeza upya, safari hii kwa uji wenyewe, kwa maana uji haupokei joto kama maji yanavyolipokea: unachelewa kusikia, na ukishasikia unachelewa kusahau. Marlys alinipikisha uji mara kumi na moja. Kila mara alipima sehemu tano, akaziandika kwa chaki sakafuni. Makapi yalikwenda kwa nguruwe wa mpwa wake, ambao kwa kweli ndio walioufaidi mradi huu kuliko mtu yeyote.

Mara ya kumi na moja namba zote tano zilikuwa kati ya 151 na 152. Nilimtazama. Akaonja.

"Bado," akasema. "Huu tumeupika sisi. Subiri wapike wao."

Tarehe 3 Mei kulikuwa na upepo wa kukata masikio. Watu wa klabu walikusanyika kwenye maegesho yetu wakiwa na makoti, na Lowell Brandt, mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu wa kemia asiyechekacheka, akaja na kimea chake mwenyewe na kipimajoto chake mwenyewe. Kimea alikuwa amekisaga laini kama unga. Wapishi wengi hufanya hivyo, wakidhani watakamua sukari zaidi.

Dakika ya kumi na mbili pampu ikaanza kukoroma. Unga ulikuwa umeziba matundu ya kikapu. Juu maji yalikuwa yanajaa, chini koili ilikuwa karibu kubaki kavu. Skrini ilikuwa inasema 152.

"Ndiyo namba tisa hiyo?" mtu mmoja akauliza kwa nyuma. "Inakoroma kama babu yangu."

Gordy alikuwa mweupe kama jibini. Nilimtafuta Marlys kwa macho. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, mikono yote miwili mfukoni, na hakuitoa. Alinitazama tu.

Sikuitazama skrini tena. Nilizima koili kwanza. Nikaipunguza pampu mpaka ikawa inanong'ona, nikachukua mwiko, nikaukoroga ule uji kutoka chini polepole, nikamwomba Lowell aniletee kutoka kwenye ndoo yetu konzi mbili za maganda ya mpunga, tunayoyaweka kwa ajili ya vichwa vigumu wanaosaga laini mno, nikayachanganya ili maji yapate njia. Maji yakaanza kushuka. Nikasikiliza. Pampu ikatulia, nikawasha koili, tukasubiri robo saa. Sijawahi kusubiri robo saa ndefu kama ile.

Lowell akapima sehemu tano. Alipima mbili kati ya hizo mara ya pili.

"Mia hamsini na moja na nusu," akasema. "Kila mahali." Kisha, kana kwamba maneno yanamtoka kwa koleo: "Na kwa unga wangu wenyewe. Gordy, hii mnaitengenezea wapi?"

"Pale nyuma," Gordy akajibu, akinyoosha kidole kwenye mlango wa karakana. "Na tutaendelea kuitengenezea palepale."

Marlys akaja na kijiko chake. Akaonja mara ya kwanza, akaonja mara ya pili.

"Haya," akasema. Akaenda kutafuta maziwa.

Bia ya siku ile imeshachacha, imeshatiwa kwenye chupa, na itafunguliwa Ijumaa saa sita mchana, mezani petu pa kawaida. Hakuna atakayelazimishwa kuinywa. Kipimajoto cha shingo ya shaba kimeshatundikwa juu ya benchi, mahali ulipokuwa mchoro wangu. Marlys amekiacha na karatasi ndogo yenye mwandiko wake: *Sehemu tano. Kila mara.*

Marlys, ahsante kwa matangi, kwa matundu thelathini na sita, na kwa mikono uliyoiacha mfukoni. Tunakuombea miaka mingi ya samaki wa moto, maziwa baridi, na kamati yako ya jikoni iendelee kugombana. Mlango wa karakana utakuwa wazi kila Ijumaa. Njoo na kijiko. Tukiwa bado, utuambie.

Tess Rademacher, benchi la vipimo