Theluji ya Breki, Mto wa Kasia

Benchi lenyewe ni refu, limepauka kwa jua na barafu, limeegemea ukuta wa mkahawa wa Mama Rozalija pale uwanjani mwa mji mdogo wa Bovec, na anayelikalia anatazamana na mlima Kanin atake asitake. Ilikuwa Aprili, mwezi unaowavuruga watu wa hapa: juu theluji bado imejaa, chini mto Soča umeanza kuvimba, na hakuna anayejua asubuhi avae nini. Siku hiyo waliokaa walikuwa watatu. Redio, kinyozi wa mtaa, aliitwa hivyo kwa sababu hana kitufe cha kumzimia. Kasia, mama mwenye mabega mapana kama mlango wa ghala, alikuwa akifundisha watu kuendesha kayaki, mitumbwi myembamba, mtoni tangu alipoolewa hapa. Na Breki, ambaye jina lake lilikuwa la kejeli, maana tangu ujana wake hakuna aliyewahi kumwona akipunguza mwendo akiteleza kwa skii kwenye theluji. Alikuwa amekaa ukingoni kabisa mwa benchi, ameupa mlima bega, na fimbo ya kutembelea ameibana katikati ya mapaja kama mtu anayeficha kitu alichoiba.

Wote walijua habari ya Februari. Breki alianguka huko juu, waokoaji wakamshusha akiwa amefungwa kwenye machela, na goti likapasuliwa. Siku moja kabla ya kikao hiki alikuwa amerudi kwa daktari kusikia neno la mwisho. Mama Rozalija alimimina kahawa bila kusema kitu, akaweka na sahani ya krafi zake za moto, vitumbua vya kuchemshwa vyenye matunda ya pea yaliyokaushwa ndani, ambazo kwa kawaida huzitoa sikukuu tu. Breki aliziona, akajua kwamba wameshaanza kumwonea huruma, akaisukuma sahani mbali kidogo.

— Basi, — Redio akaanza, — daktari kasemaje?

— Kasema ninywe kahawa.

— Acha hizo. Na skii je?

Breki alipuliza kikombe, ingawa kahawa ilikuwa imeshapoa.

— Kasema kama naupenda mguu wangu, niziuze.

Redio alitafuna krafi polepole. Kasia akamgeukia.

— Njoo mtoni.

— Wee!

— Nakwambia njoo. Mtoni goti halina kazi. Unakaa, miguu umeinyoosha, kazi ni ya mabega na kiuno. Na mabega unayo, umeyaweka tu kama pambo.

— Kasia dada yangu, maji ni ya kuoshea viazi.

— Viazi gani ulivyowahi kuosha wewe? — Mama Rozalija alidakia kutoka mlangoni, akacheka mpaka ikabidi ashike kizingiti.

Breki alicheka kidogo. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, na kwa kuwa kilikuwa kimetoka, ulimi nao ukalegea.

— Nyie watu wa maji mna kelele, — alisema. — Mto unapiga makelele, na nyie mnapiga makelele juu yake. Theluji haikupigii kelele. Unapanda na kibanda cha waya cha kwanza, kile kinachoning'inia mpaka juu, kabla watalii hawajamaliza chai. Usiku imeanguka mpya, hakuna aliyeikanyaga, hata sungura. Unasimama pale juu unaogopa kuianza, kama mtu aliyepewa shuka safi. Halafu unajiachia. Husikii kitu. Unasikia pumzi yako tu, na kule nyuma yako theluji inakaa chini taratibu, kama unga.

— Hapo umenigusa, — Kasia alikiri.

— Na siku ya wazi unaiona bahari.

— Bahari gani?

— Bahari, Kasia. Kule kusini, inang'aa kama kisahani. Ghuba ile ya kwenu. Mimi na kaka yangu Karlo tulikuwa tunasimama tukibishana ile meli ni ya wapi. Siku moja tulivuka mgongo wa mlima tukateremkia Nevea, upande wa Waitalia. Jua, theluji laini, tukasahau saa. Vibanda vya waya vikasimama, hatuna pa kurudia. Mama mmoja wa Kiitaliano akatupa supu ya maharage, akatukaripia kwa lugha yake kana kwamba katuzaa yeye. Karlo alikula bakuli mpaka chini, akaniambia, kaka, tukifa leo tumefaidi.

Kasia alizaliwa Izola, pwani, na tangu aje milimani hakuwahi kumwambia mtu jinsi anavyoikumbuka ile harufu ya chumvi. Aliutazama Kanin kwa jicho jipya, kisha akaushusha uso kwenye kikombe.

— Basi sikiliza na ya kwangu, — alisema. — Kiangazi kilichopita nilipata mwanafunzi kipofu. Mtu mzima, fundi wa piano. Nikamwambia, bwana, nitakaa nyuma yako nikuelekeze, kulia, kushoto. Tukaingia. Baada ya kona ya pili akaniambia ninyamaze. Nikanyamaza, moyo uko mdomoni. Akawa anageuza kichwa hivi, anasikiliza. Kila jiwe lina sauti yake, Breki. Maji yakipita juu ya jiwe yanasema hivi, yakilizunguka yanasema vile. Yule bwana aliyajua mawe yote kabla yangu mimi niliye na macho. Akacheka kutoka kijiji cha Čezsoča mpaka Srpenica. Nilipomshika mkono kumtoa, alikuwa analia, akasema maisha yake yote watu wamemshika mkono, leo mto umemwacha aende mwenyewe.

Breki alichukua krafi, akaigawa vipande viwili, akasahau kuila.

Redio alimaliza krafi yake, akafuta midomo.

— Mimi nina hoja ya kisayansi, — alisema.

— Mungu wangu, — Mama Rozalija alinong'ona, akaja kukaa kabisa.

— Mtu wa theluji hazeeki. Baridi inamhifadhi. Mtazameni Breki: nywele nimezinyoa mimi miaka nenda rudi, zinarudi vilevile. Huyu katoka kwenye friji.

— Na mtu wa maji? — Kasia akauliza.

— Mtu wa maji hagombani na mwenzake nyumbani. Masikio yamejaa maji, ugomvi hausikiki.

— Ndiyo maana mume wangu ananiita kwa mluzi!

— Tulia, dawa bado haijakuingia. Watu wamegawanywa tangu kuzaliwa. Aliyetanguliza kichwa, huyo ni wa mtoni, kwa sababu ameshazoea kupiga mbizi. Aliyetanguliza miguu, huyo ni wa skii. Ulizeni mama zenu.

— Na wewe ulitanguliza nini? — Breki akauliza.

— Mimi nilitolewa kwa kisu, — Redio alijibu kwa heshima kubwa. — Ndiyo maana nikawa kinyozi.

Benchi zima lilitikisika. Mama Rozalija alifuta macho kwa aproni. Redio, akiona soko limechangamka, alisogea karibu na Breki na kumwonyesha kwa kidole barabara inayoteremka mtoni.

— Na kubwa kuliko yote, sikiliza mwanangu. Ile theluji uliyoangukia Februari, unadhani iko wapi leo?

— Iko juu.

— Thubutu! Imeyeyuka. Imeteremka. Saa hizi inapita chini ya daraja, inajisikia, inawasimulia samaki: nimemvunja Breki. Na wewe umekaa hapa unakula vitumbua vya watu! Nenda kamalizane nayo.

Breki alitaka kucheka tena, lakini macho yake yaliifuata ile barabara. Upuuzi wa Redio ulikuwa umemwingia mahali ambapo maneno ya daktari hayakufika.

Wakati huohuo mwanamke mmoja alivuka uwanja akielekea kwao, funguo za gari mkononi. Alikuwa Brigita, dereva mpya wa basi la shule. Alikuwa ametoka Lendava, upande ule wa nchi ulio tambarare kabisa, na bado alikuwa akiingia kona za huku kwa sala. Alisalimu, Mama Rozalija akamsogezea nafasi na kikombe.

— Endeleeni tu, — alisema. — Nimewasikia tangu pale kwenye basi. Nani anashinda?

— Theluji, — alisema Breki.

— Mto, — alisema Kasia.

— Mimi, — alisema Redio.

Brigita aliwatazama mmoja mmoja kwa makini.

— Samahani wakubwa zangu, mimi ni mgeni, sijui lolote. Nilitaka kuuliza tu, ili nijue nimwamini nani. Kati yenu ni nani ameshafanya vyote viwili?

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Hilo lenyewe lilikuwa tukio. Kasia alianza kukwaruza rangi ya benchi kwa ukucha. Breki aliinua kikombe kunywa, akakuta hakina kitu, akakinywa hivyohivyo.

— Mimi kile kibanda cha waya sikipandi, — Kasia alisema mwishowe, sauti imeshuka. — Nilijaribu mwaka nilioolewa. Kilipoachana na ardhi nikapiga kelele mpaka wakakisimamisha. Nilishushwa kama mzigo wa mbao. Sijawahi kugusa theluji ya juu. Naiona hapa chini, kila siku, kama nyie mnavyoiona.

— Hukuniambia, — Breki alisema.

— Ningekwambia ungecheka.

— Ningecheka, — Breki alikubali. Akageuza fimbo mikononi. — Mimi nilikuwa mdogo. Mto ulipanda usiku, ukaja mpaka zizini. Tulikuwa na ndama, niliyemlisha kwa chupa mwenyewe. Asubuhi zizi halikuwepo, wala ndama. Mama alinikataza hata kusogea ukingoni, nami sikuhitaji kukatazwa. Tangu hapo nikivuka daraja natazama mbele.

Hakuna aliyecheka. Mama Rozalija aliinama akaokota sahani, akaiweka tena palepale. Breki, ambaye hakuwahi kumwambia mtu habari ya ndama, hata mkewe, alishangaa kwamba bado amekaa, na benchi halijavunjika.

Alisimama kwa shida.

— Kasia, ile helmeti yako kubwa ipo?

— Ipo.

— Basi twende kabla sijapata akili. Na Jumamosi unapanda Kanin na mimi. Sitateleza, tutapanda na kushuka na kibanda. Utashika mkono wangu utakavyo, hata uuvunje ukipenda.

Kasia aliinua macho kuelekea kileleni.

— Jumamosi.

— Watu wamerogwa, — alisema Redio, tayari ameshavaa koti.

Brigita aliwabeba kwenye kigari chake kidogo hadi Čezsoča, pale mto unapopanuka na kutulia kati ya kokoto nyeupe. Kasia alimvika Breki nguo ya mpira, na kazi hiyo ilichukua muda na matusi mengi. Akamfunga jaketi la kuokolea, akamkalisha kwenye kayaki pana iliyo wazi, yeye akaingia kwenye ya kwake na kukaa ubavuni. Maji yalikuwa ya kijani hadi chini, kila kokoto ikionekana. Breki alihesabu pumzi zake kama anavyofanya juu kabisa ya mteremko.

— Usipigane na maji, — Kasia alisema. — Elekeza kiuno tu.

Mkondo ulimchukua. Mwanzoni aling'ang'ania kasia hadi vidole vikauma. Kisha mto ulikata kona, na mwili wake ukakata nao kabla hajafikiri: bega chini, kiuno kikifuata, uzito ukihama upande. Aliujua mwendo huo. Ulikuwa umekaa mwilini mwake miaka yote, na yeye alidhani umekufa pamoja na goti. Alikata kona ya pili akiwa anaipenda. Ya tatu akaitamani kupita kiasi, akalala mno, na mto ukamfunika.

Baridi ilimpiga kichwani kama kofi. Kwa muda mfupi palikuwa na ukijani tu na mngurumo, na mtoto aliyekuwa amesimama mbele ya zizi lisilokuwepo. Halafu jaketi likamrusha juu, anga likarudi, na mkono wa Kasia ulikuwa umeshamkamata ukosi. Ukingoni, ambako yeye na Brigita walikuwa wakiwafuata mbio, Redio alikuwa akiita watakatifu wote anaowajua.

Breki alikokotwa hadi kwenye kokoto pamoja na kayaki yake, akakaa, maji yakimchuruzika mikononi na puani. Midomo ilikuwa ya zambarau. Alikuwa akitetemeka, na hakuna aliyejua kama ni baridi, hofu au kicheko, maana uso wake ulikuwa na vyote vitatu. Brigita alimfunika kwa blanketi la gari lake na kuchuchumaa mbele yake.

— Haya mzee wangu, — alimwuliza taratibu. — Sasa wewe umefanya vyote viwili. Kipi kitamu zaidi?

Kasia alisogea. Redio naye alisogea, mkono sikioni. Breki aliutazama Kanin, mara ya kwanza siku hiyo kuutazama sawasawa, mweupe juu ya misitu. Akautazama mto unaotoka huko. Alivuta pumzi ili ajibu, akatikisa kichwa, kisha akaliweka blanketi pembeni.

— Ngoja kwanza, — alisema, akaishika kayaki kwa kamba na kuanza kuikokota kurudi majini.