Gongagonga na Boti Iliyofungwa Ikiwa na Maji

Habari za jioni, wasikilizaji wapendwa, popote redio yenu ilipokaa: jikoni, dukani, au juu ya boneti ya gari. Ongezeni sauti kidogo. Leo namkumbuka mtu ambaye redio yake ilikuwa inaning'inia kwenye msumari uani, imejaa vumbi jeupe la faiba hata namba zake hazisomeki. Alikuwa anatusikiliza kila siku. Ametutoka. Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na watu walimwita Gongagonga.

Jina hilo alilitafuta mwenyewe. Alikuwa hawezi kupita karibu na kitu bila kukigonga. Anakunja kidole, ko ko, anainamisha sikio. Tikiti sokoni, ko ko. Mtungi wa gesi, ko ko. Siku alipokwenda kuangalia nyumba ya kupanga, aligonga kuta zote mpaka mwenye nyumba akamuuliza amekuja kupanga au kubomoa. Tabia hiyo aliianzia gereji. Gari lililoumia likajazwa puti ya kuzibia mabonde na kupigwa rangi, wewe na mimi hatuoni kitu, lakini yeye kidole chake kilikuwa kinasikia. Palipo pazima panalia ko. Palipo na ubovu ndani panalia pu. Shikeni sauti hizo mbili, wasikilizaji wapendwa. Ko na pu. Tutazihitaji.

Alipoacha gereji, alinunua boti ya kuvulia samaki. Boti ya faiba. Ya mtumba. Aliikuta nyuma ya ghala moja, imelala kwenye majani, imejaa maji ya mvua. Mkewe ananiambia: "Alinipeleka kuiona kwa mbwembwe kama ananionyesha kiwanja. Nikamuuliza, mume wangu, hii ni boti au nyumba ya vyura? Akaniambia vyura watahama."

Sababu alikuwa nayo. Binti yao mkubwa ni mvuvi. Kwa miaka amevua kwenye boti za watu, na akirudi nchi kavu, mwenye boti anachagua kwanza, yeye anachukua kilichobaki. Baba aliona inatosha. Alitaka mambo mawili tu. Binti yake ashike usukani wa boti yake mwenyewe, na yeye aione boti hiyo ikielea. Narudia. Binti ashike usukani, baba aone.

Hela haikuwepo, kwa hiyo boti ilijengwa kwa mabaki. Kiti cha nahodha kilitoka kwenye basi lililokufa. Taa ilitoka kwenye pikipiki. Vishikio vya ubavuni vilikuwa vya milango ya majokofu. Mkeka wa faiba, ile nguo nyeupe inayolowekwa gundi ikaganda, alikuwa ananunua vile vipande vya mwisho wa roli. "Baba alikuwa hapiti jalalani akatoka mikono mitupu," anasema binti yake. "Sisi tunaona aibu, halafu tunamsaidia kubeba."

Kazi ngumu ilikuwa nyuma, pale injini inapofungwa. Aligonga mbele, ko. Akagonga ubavuni, ko. Akagonga nyuma, pu. Ndani ya faiba ile kuna mbao, na mbao ilikuwa imekunywa maji. Akaikata faiba. Mbao iliyooza akaikomba yote kwa kijiko cha chakula, na mkewe hajakisamehe kijiko hicho mpaka leo. Mbao iliyobaki ilikuwa nzima lakini imelowa. Akaiacha wazi ikauke. Turubai juu, balbu ndani, feni ya mezani pembeni. Ukitaka kumuudhi, muulize lini anafunga. Maana mbao hiyo ikifungwa na maji yake, itaendelea kuoza kimyakimya, na siku moja injini itang'oka na kuondoka na nyuma yote ya boti, mtu akiwa katikati ya maji. Na mtu mwenyewe ni mwanawe.

Hapo ndipo kikohozi kikamwangusha. Akalazwa. Daktari alimkalisha kitandani, akaweka kidole mgongoni, akakigonga kwa kidole kingine, kama madaktari wanavyofanya. Juu, ko. Chini, pu. Binti yake alikuwepo, kabla hajarudi kambi ya wavuvi. Anasema baba yake aligeuza shingo, akauliza: "Daktari, huko chini kuna maji, siyo?" Daktari akasema ndiyo, mzee, yapo. "Basi nimeyasikia," akasema.

Sasa sikilizeni, maana hapa hakuna wa kulaumiwa. Mkewe kila asubuhi alikuwa anapita uani, anaiona boti iko wazi nyuma, balbu inawaka, mwenyewe hayupo. Ikamkaa rohoni. Akawafuata mafundi wa gereji, wenzake mumewe, akawaambia nataka akirudi aikute imekwisha, afurahi. "Shemeji, hiyo kazi ndogo," wakamjibu, na wakaja na mashine zao. Hawa ni mafundi wa bodi, wasikilizaji wapendwa. Kwao, kitu kilichoachwa wazi ni kazi ambayo haijamalizwa. Walipapasa mbao kwa kiganja, wakaona kavu. Kwenye gari hilo linatosha. Wakafunga. Wakatandika mkeka, wakapaka gundi, puti, msasa, rangi. Rangi ilikuwa mabaki ya magari ya watu yaliyochanganywa, bluu ambayo hakuna kiwanda kilichowahi kuitengeneza, na mama aliichagua mwenyewe akiwa amesimama juu ya ndoo. Hawakuchukua hata shukrani.

Hospitali ilimrudisha nyumbani kwa sababu haikuwa na la zaidi. Binti naye alirudi siku hiyohiyo. Wakamshika mikono mpaka uani, mafundi wote wamesimama na mashati safi, na turubai likavutwa. Kila mtu akangoja kidole. Mlijua hilo. Gongagonga akagonga mbele, ko ko. Akajikongoja akishika ubavu wa boti, ko ko. Akafika nyuma.

Pu.

Akagonga tena. Akaweka kiganja pale, akakaa nacho. Halafu akageuka, akamtazama mkewe, akasema: "Imependeza." Watu wakapiga makofi, fundi mmoja akapiga honi ya gari lake.

Binti hakupiga makofi. Amekua na kidole kile, anajua inavyolia. Walipobaki wawili chumbani, alimwambia: "Baba, nyuma imelia vibaya."

"Nimesikia, mwanangu."

"Tuifungue?"

"Mama yako amechagua rangi mwenyewe. Nimwambie nini?" Akavuta pumzi kwa shida. "Wewe niahidi tu. Injini haifungwi pale mpaka ifunguliwe ikauke. Nikishaondoka, fungua."

Binti akaahidi. Akamwambia, basi tuishushe hata kwa makasia, uione ikielea. Kuelea tu hakukuwa na hatari. Mzee akatabasamu, akasema hata kwa makasia. Tela la kuazima likatafutwa. Tela lilikuwa limepakia mchanga wa watu, wakaambiwa ngojeni kidogo, linakuja. Gongagonga hakuweza kungoja. Boti iko uani, inang'aa, na yeye hakuiona ikielea.

Baada ya mazishi, mafundi wakaja na rambirambi yao. Injini. Ya mtumba, wameifufua wenyewe, imefungwa kitambaa. Walitaka kuifunga siku hiyohiyo. Binti akamvuta mama yake jikoni. Anasema ulimi ulikuwa mzito kuliko injini yenyewe. Akasema: "Mama, kuna jambo kuhusu nyuma ya boti."

Mama yake akasema: "Najua."

"Unajua nini?"

"Baba yako kitu kizima anakigonga mara moja, anaendelea na safari. Kibovu anakigonga tena, halafu anakiwekea kiganja. Nimeishi naye miaka yote hiyo. Nilimwona alipoweka kiganja."

"Sasa mbona hukumwambia kitu?"

"Ameniambia imependeza," mama akajibu. "Nimwambie nini?"

Wasikilizaji wapendwa, nilikwenda pale uani. Boti imefunguliwa. Waliokata ni mafundi walewale, na mmoja hakuvua barakoa ya vumbi hata alipomaliza, na kila mtu alijua kwa nini. Rangi ya mama imekatwa katikati. Turubai liko juu, balbu inawaka, feni inazunguka. Injini imewekwa kando, bado iko kwenye kitambaa chake. Redio iko kwenye msumari.

Kwa mama, kwa binti, kwa wenzake wa gereji, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole. Pole ya kweli, ingawa haikaushi kitu. Na ninyi mnaonisikiliza, leo sina la kuwafundisha. Nawaomba mkae tu na swali hilo, nimwambie nini, la watu wawili waliopendana, kila mmoja akimwonea huruma mwenzake, mpaka muda ukawaishia. Kama kuna mtu mko naye nyumba moja na kuna jambo mnalijua wote, mtazameni.

Nilipokuwa naaga, mama alinishika mkono, akaniambia, gonga na wewe, tusikie. Nikakunja kidole, nikagonga ile mbao nyuma ya boti. Yeye akainamisha sikio, kama alivyokuwa akiinamisha mumewe.

"Bado," akasema. Akasogeza feni karibu.